Ardhi Haiuzwi Gizani: Neno juu ya Madalali wa Nyumba na Viwanja



Liko swali ambalo hapa Masama, kama pengine pote mlimani, huulizwa kwa kuchelewa: "Je, dalali yule alikuwa mtu wa kuaminika?" Huulizwa baada ya fedha kwisha kutolewa, baada ya ndugu wawili kuacha kusalimiana, au baada ya mjane kuona watu asiowajua wakipima kwa kamba uwanja wa nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe. Wakati huo swali halina faida tena, limekuwa kilio. Sisi tunataka liulizwe mapema, na tena liulizwe vizuri.

Maana wengi wetu hulijibu vibaya. Tunamwamini dalali kwa sababu ni mtoto wa fulani. Kwa sababu ana ofisi Bomang'ombe au mjini Moshi. Kwa sababu tunamwona kanisani kila Dominika. Au kwa sababu alimpatia jirani yetu nyumba nzuri. Sifa hizi si mbaya, lakini hakuna hata moja inayolinda kihamba cha mtu. Twasema bila kumung'unya maneno: uaminifu wa dalali haupimwi kwa uso wake wala kwa sala zake. Hupimwa kwa jambo moja, nalo ni kama yu tayari kuifanya kazi yake mbele ya wote wanaohusika. Anayekubali mwanga apewe kazi. Anayetaka giza anyimwe, hata akiwa ndugu wa damu.

KINACHOUZWA NI NINI?

Anayeuza debe la mahindi anauza mahindi. Anayeuza kihamba anauza migomba na mibuni iliyopandwa na babu yake, njia na mfereji unaowapitia majirani, na mara nyingi makaburi ya wazee yaliyo kando ya nyumba. Wazee walipanda masale kwenye mipaka, na jani la sale ndilo analolichukua aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha. Si jambo dogo kwamba mmea ule ule uonyeshao mpaka ndio upelekwao kutafuta amani. Mpaka ukivurugika, amani nayo huvurugika.

Kwa desturi yetu kihamba cha wazazi hubaki kwa kitinda mimba, lakini hakubaki nacho kama mtu aliyeokota mali njiani. Hubaki nacho kwa niaba ya ukoo, na haikuwa kawaida mtu mmoja kukiuza pasipo ndugu kujua. Hatusemi kwamba kila desturi ilikuwa njema. Ziko zilizomnyima binti na mjane sauti, nazo zimekwisha kukataliwa na sheria. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo huko Muleba alikuwa na haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha kila mila inayowanyima wanawake, watoto na walemavu haki ya ardhi. Lakini kuiacha desturi ya kumnyamazisha mwanamke ni jambo moja, na kuiacha desturi ya kushauriana ni jambo jingine. La kwanza ni haki. La pili ni hasara.

Taifa letu pia lilikwisha kuiona hatari hii. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu "Mali ya Taifa", akipinga mpango wa kuifanya ardhi kuwa mali ya mtu binafsi ya milele, kwa kuhofia kwamba matajiri wachache wangewanunua maskini hata wakose pa kusimama. Hadi leo ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hata hivyo haki ya kuitumia, pamoja na nyumba iliyo juu yake, huuzwa na kununuliwa kila siku, na sheria za mwaka 1999 zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001 zilitamka wazi kwamba haki hiyo ina thamani. Basi biashara ipo, na ni halali. Penye biashara pana mtu wa kati. Hatuwezi kumfuta, lakini tunaweza, na hatuna budi, kumwekea masharti.

SIRI NDIYO MTAJI WA MWONGO

Tutazame jinsi dalali asiye mwaminifu anavyofanya kazi. Silaha yake ya kwanza ni kuwatenga muuzaji na mnunuzi. Tuchukue mfano: muuzaji anataka shilingi milioni 30. Dalali anamwambia mnunuzi kwamba bei ni milioni 38 na muuzaji hashuki. Zile milioni 8 ndizo ziitwazo "cha juu", nazo haziandikwi popote. Juu ya hizo anadai ada kwa muuzaji, na anadai tena kwa mnunuzi. Watu wawili wamemlipa mtu mmoja, na kila mmoja anaamini kwamba alikuwa upande wake. Wengine huuita ujanja wa mjini. Sisi tunauita kwa jina lake: ni wizi. Hata Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala atoe hesabu kwa yule anayemwakilisha. Haimpi ruhusa ya kujichumia kwa siri ndani ya mali aliyokabidhiwa.

Silaha ya pili ni haraka. "Kuna mteja mwingine anatoka Dar es Salaam, anafika kesho asubuhi na fedha taslimu." Mnunuzi anatoa arbuni usiku, bila kuona mipaka wala karatasi. Muuzaji naye anaambiwa asiwangoje kaka zake, maana bei itaanguka. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Na katika ununuzi wa nyumba haina hata nyumba.

Silaha ya tatu ni kuficha kasoro. Kiwanja kilicho kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha huonekana kuwa lulu, lakini tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anayejenga humo anajenga nyumba ya kubomolewa. Kiwanja chenye mandhari nzuri ukingoni mwa Mto Kikafu kinavutia, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kule tambarare, vijiji vinavyouzunguka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro vimepitia miaka mingi ya mgogoro juu ya mpaka. Dalali mwenye kuijua nchi hii anayajua yote hayo. Akiyanyamazia, ukimya wake ni uongo.

Silaha zote tatu zina mzizi mmoja, nao ni siri. Muuzaji na mnunuzi wakikutana, cha juu kinakufa. Ukoo ukijua, haraka inakufa. Majirani na ofisi wakiulizwa, kasoro inajulikana.

WAZEE WALIKWISHA TUFUNDISHA

Hapa mlimani si mara ya kwanza kukutana na tatizo la mtu wa kati. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikafuata Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Hawakusema, "Tutafute mlanguzi mwenye uso mwema." Walijenga chombo chenye mizani inayoonekana, daftari linalosomeka na mkutano wa kuuliza maswali. Vyama hivyo navyo havikukosa kasoro, maana hakuna chombo kinachobaki safi daftari lake lisipokaguliwa. Lakini somo lake limesimama: usalama wa mnyonge uko katika utaratibu ulio wazi, wala si katika wema wa mtu mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha jambo lilo hilo. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika mkewe Sara, alikataa kupewa bure kwa maneno matupu. Alinunua shamba la Makpela mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji, akapima shekeli 400 za fedha wakiona, na pango, miti na mipaka vikatajwa. Mgeni yule hakutaka mtu aseme kesho kwamba alinyang'anya. Sisi wenyeji mbona tunauziana kwa kunong'ona?

MIZANI YA KUMPIMIA DALALI

Kabla hujamkabidhi dalali kazi ya kuuza au kutafuta nyumba, mpime kwa mizani hii. Asiyekubali hata moja, muage kwa heshima.

1. Aseme anamtumikia nani. Ada yake ni kiasi gani, italipwa na nani, italipwa lini? Iandikwe na kutiwa sahihi kabla ya kazi kuanza. Ada ilipwe kazi ikikamilika. Cha juu kikatazwe kwa maandishi.

2. Awakutanishe muuzaji na mnunuzi. Wakutane uso kwa uso na kutajiana bei kwa vinywa vyao kabla ya shilingi moja kutoka. Dalali anayesema "muuzaji yuko safari, mimi namwakilisha" aonyeshe hati ya uwakilishi iliyotolewa kisheria.

3. Akubali nyumba nzima ijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenzi aulizwe, atie sahihi, na aulizwe pasipo kutishwa. Kama mwenye mali amefariki, anayeuza aonyeshe kwamba mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kuwa mtoto wa kwanza si uteuzi, wala kuwa kitinda mimba.

4. Akutembeze mpakani mchana, majirani wakiwapo. Waulize majirani: je, mpaka ni huu? Je, kuna kesi? Je, yuko mtu mwingine aliyekwisha kutoa fedha? Njia iko wapi, mfereji unapita wapi, makaburi yatakuwaje? Jirani mmoja mkweli anakupa habari ambazo madalali kumi hawatakupa.

5. Akusindikize ofisini. Nyumba yenye hatimiliki ifanyiwe upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, mjini Moshi, ijulikane mwenyewe ni nani na kama imewekwa rehani benki. Ardhi ya kijiji ipite kwenye halmashauri ya kijiji. Mahakama ya Rufani, katika shauri lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1985, ilikwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyoidhinishwa na halmashauri ya kijiji ni batili. Na halmashauri ni kikao chenye wajumbe na muhtasari. Si muhuri wa mwenyekiti uliogongwa barazani kwake jioni.

6. Asishike fedha ya mali. Fedha ya nyumba itoke kwa mnunuzi iende kwa muuzaji, kwa njia ya benki, mkataba ukiwa umeandikwa na kushuhudiwa na wakili. Sheria ya Ardhi inautaka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Bei iandikwe ile ile iliyolipwa. Anayekushauri uandike bei ndogo ili kukwepa kodi amekwisha kukuonyesha jinsi alivyo: anayeweza kuidanganya serikali mbele yako anaweza kukudanganya wewe mbele ya mwingine.

WATASEMA NINI?

Watasema, "Mizani hii inachelewesha, na mnunuzi mwema atakimbia." Tunajibu: mnunuzi mwema ndiye anayeihitaji zaidi, kwa kuwa fedha zilizo hatarini ni zake. Anayekimbia mashahidi hakuja kununua, alikuja kuwinda.

Watasema, "Dalali naye ana watoto, aache kula?" La hasha. Dalali anayetembea juani, akatafuta mnunuzi, akakagua karatasi na kuwapatanisha watu juu ya bei, amefanya kazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Tena dalali wa namna hiyo ndiye anayeumizwa zaidi na waongo, kwa sababu huwaharibia jina wote. Mizani hii si fimbo ya kumpigia. Ni ngao ya kumkinga.

Watasema, "Mambo ya fedha ni siri ya familia, wezi watatuvamia." Hatujasema bei itangazwe sokoni Kwasadala. Tumesema ijulikane kwa wale wanaohusika: mwenzi, warithi, mnunuzi, muuzaji na ofisi. Faragha huwalinda wenye mali. Siri tunayoipinga ni ile inayowafungia nje wenye mali wenyewe.

TUJIHUKUMU SISI WENYEWE

Sasa tuseme lililo gumu. Dalali mwongo hakushuka kutoka mawinguni. Alizaliwa na siri zetu. Kijana anayetaka kuuza kipande cha kihamba kabla kaka zake hawajapanda mlimani mwezi wa Desemba ndiye anayemtafuta dalali wa usiku. Mume anayeuza huku mkewe akidhani nyumba inapimwa tu kwa ajili ya hati, ndiye anayempa dalali huyo mkate. Mnunuzi anayeona bei ya chini kupita kiasi, akajua moyoni kwamba kuna mtu anadhulumiwa, lakini akalipa upesi kwa sababu "mimi sihusiki", amekula sahani moja na mwizi.

Viongozi wa vijiji nao wasikilize. Imekuwa mazoea mahali pengi kudai asilimia fulani ya bei, mara nyingi asilimia kumi, ili muhuri ugongwe. Mwananchi ana haki ya kuuliza: ni sheria ndogo ipi inayoidai fedha hii, na stakabadhi yake iko wapi? Fedha isiyo na stakabadhi ni rushwa, hata ikipokewa kwa tabasamu.

Na sisi viongozi wa walei tusijifiche nyuma ya vazi la huduma. Ni aibu kubwa mwenyekiti wa jumuiya kumpeleka dalali kwa mjane akisema "huyu ni mtu wetu", kisha jioni akapokea bahasha. Mjane hakumwamini dalali, aliliamini Kanisa. Tunapendekeza iwe kanuni katika kila jumuiya: kiongozi asipokee malipo yoyote ya udalali katika mali ya mwanajumuiya wake pasipo kutangaza mbele ya wote wanaohusika. Asiyeweza kuishika kanuni hii na aache uongozi, abaki na biashara.

Kwa upande wa nchi, wenzetu wa Kenya wanayo sheria, Sura ya 533, inayomtaka wakala wa nyumba na ardhi asajiliwe na bodi. Usajili haumfanyi mtu kuwa mtakatifu, lakini unampa aliyedhulumiwa mlango wa kubisha. Hapa kwetu, kijijini, mtu huamka asubuhi na simu mkononi, na jioni anaitwa dalali. Kila halmashauri ya kijiji inaweza kuanza na daftari moja: majina ya madalali wanaofanya kazi kijijini, na orodha ya mauzo waliyoyasimamia. Hilo halihitaji kungoja Bunge. Linahitaji kalamu, na wajumbe wasioogopa.

Kwa aliyekwisha kudhulumiwa: usinyamaze, wala usichukue panga. Kusanya karatasi zako na majina ya mashahidi. Baraza la ardhi la kijiji lipo kwa ajili ya kusuluhisha. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, limebaki na kazi ya kusuluhisha tu. Mwenye kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Utapeli ni kosa la jinai, nao upelekwe polisi. Usichelewe, kwa maana haki ya kudai ardhi mahakamani ina ukomo wa miaka 12.

Ndugu zangu, mwezi wa Desemba jamaa wote wanapokutana nyumbani, kabla ya kuchinja na kugawana nyama, wazungumze juu ya kihamba: nani anakaa, nani anataka kuuza, nani ana hitaji la ada ya shule au matibabu ambalo ndugu wanaweza kumsaidia kabla hajauza. Ikionekana kwamba kuuza hakuna budi, na kuuzwe. Lakini kuuzwe mchana, mbele ya masale na mbele ya watu. Penye wazee haliharibiki jambo, na penye mashahidi dalali mwongo hukosa pa kusimama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mauzo ya nyumba au viwanja yaliyofanyika karibu nasi, ni nani aliyejua na ni nani aliyefichwa? Kwa nini?

2. Wajane na mabinti wa jumuiya yetu wanazijua haki zao juu ya nyumba wanamoishi? Nani atawaeleza, na lini?

3. Je, halmashauri ya kijiji chetu hukaa kikao na kuandika muhtasari ardhi inapouzwa? Tutaiombaje ianze daftari la madalali?

4. Sisi viongozi tulio hapa, tuko tayari kuishika kanuni ya kutopokea fedha ya udalali kwa siri? Kila mmoja ajibu kwa kinywa chake.